Usipake Puti Juu ya Kutu

Neno la Jumapili kwa muhtasari
Maandiko ya kusoma: Ezekieli 13:10-15, Zaburi 139:23-24, Luka 19:1-10



Waliokuwa ibada ya pili Jumapili iliyopita waliniona nikianza mahubiri na habari ya gari. Nikaona wanaume wameamka! Mmoja pale nyuma akazima simu, akaitia mfukoni. Nikasema moyoni, leo nimewapata. Kwa nyinyi ambao hamkuwepo, na kwa wale akina mama walioniomba niliandike neno hili walisome tena nyumbani na watoto wao, hili hapa. Nimeliandika karibu vile nilivyolihubiri. Mwishoni nimeongeza jambo ambalo madhabahuni sauti ilinikatikia, sikulimaliza.

Gari la kupigia picha

Wengi wenu mnajua kwamba kabla Bwana hajaniita kwenye utumishi niliishi Uingereza karibu miaka tisa. Nilienda 2004 kusoma. Masomo yakaisha, nikabaki nikifanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Kazi ya halali, kazi ya heshima, na mshahara ulikuwa wa kumtosha mtu mwenye akili. Mimi sikuwa na akili.

Mwaka 2009 nilinunua gari la michezo la mtumba. Mazda MX-5, la mwaka 1999, viti viwili tu, paa la turubai la kufunua. Wanaojua magari wanalijua hilo. Lilianza kuuzwa 1989, na kufikia 2016 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni moja. Ni gari dogo, jepesi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na likishika kona unahisi kama umevaa kiatu cha saizi yako. Mtu asije akasema mchungaji amesimama kusema vibaya gari la watu. Gari ni zuri. Shida ilikuwa ni aliyekaa nyuma ya usukani.

Mbona nililinunua? Niwaambie ukweli. Nililinunua nipige picha. Wiki hiyohiyo mama yangu alikuwa amenipigia simu akiomba pesa za mabati ya jikoni, kwa sababu mvua ilikuwa inamnyeshea akipika. Nikamwambia, "Mama, subiri kidogo, huku mambo ni magumu." Nikakata simu, nikaenda kulipia gari.

Mwambie jirani yako: mambo ni magumu kwa nani?

Ukaguzi wa kila mwaka

Sasa, kule Uingereza gari likishafika miaka 3 ni lazima likaguliwe kila mwaka. Ukaguzi huo wanauita MOT, kwa sababu ulianzishwa 1960 na iliyokuwa Wizara ya Uchukuzi, na hizo ndizo herufi za jina lake la Kiingereza. Mwanzoni ulikuwa wa magari ya miaka 10 kwenda juu, na waliangalia breki, taa na usukani. Magari yakaanguka mengi mno! Mwaka uliofuata wakashusha umri hadi miaka 7, na 1967 wakashusha hadi 3. Ona hapo. Watu walikuwa wakiendesha kila siku wakidhani wako sawa, mpaka mtu alipoinama kuangalia chini.

Mkaguzi anaangalia breki, taa, tairi, mikanda, vioo, moshi, usukani, na zile bushi na maungio ya chini. Tairi ikiwa na kina cha meno chini ya milimita 1.6, umeanguka. Halafu anainua gari juu na kuangalia kutu. Ana kinyundo kidogo. Anagonga polepole, tap, tap, tap, huku akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza.

Siku hizi, tangu Mei 2018, makosa wameyapanga kwa madaraja. Kuna kosa la hatari, hilo hutakiwi kuliendesha gari mpaka litengenezwe. Kuna kosa kubwa, nalo linakuangusha. Kuna kosa dogo, unapita lakini ulirekebishe upesi. Na kuna ile wanayoiita ushauri. Ushauri si kosa bado. Mkaguzi anakuandikia tu kwamba hapa pameanza kuchakaa, paangalie. Ule ushauri ulikuwepo hata zamani zangu, na ndio ulionimaliza.

Maji yanaingia wapi?

Gari la aina hiyo lina ugonjwa wake likizeeka, na kila fundi anayeyashughulikia anaujua. Haliozi kuanzia juu. Mvua ikinyesha, maji hutiririka juu ya turubai mpaka kwenye mfereji ulio nyuma ya viti. Pale kuna vitundu viwili, kulia na kushoto, vyenye mipira ya kupeleka maji chini barabarani. Vitundu vikiwa wazi, inyeshe usiku kucha, gari halina neno.

Lakini majani makavu huanguka. Jani moja, majani mawili, vumbi, uchafu. Vitundu vinaziba. Maji yanakosa njia, yanatafuta njia nyingine, yanaingia ndani ya vizingiti, ile mihimili mitupu iliyo chini ya milango. Yanakaa humo. Gizani. Kutu inaanzia ndani inakuja nje. Wakati unapoona rangi imeanza kuvimba karibu na gurudumu la nyuma, jua kwamba ndani hakuna kitu tena. Nje ni rangi imeshikilia rangi.

Mpendwa, mimi nimekaa katika utumishi sasa miaka kadhaa, na nimezika ndoa nyingi kuliko nilizotaka kuzika. Sijawahi kuona ndoa iliyokufa siku ile mtu aliyofumaniwa. Ilianza na jani. Neno moja halikuombewa msamaha. M-Pesa moja ilifutwa ujumbe wake. Chumba cha maombi kilifungwa kwa sababu ya uchovu, wiki moja, wiki mbili. Vitundu vikaziba. Mvua ya kawaida tu, ile ambayo inanyeshea kila mtu, ikaanza kukaa ndani.

Kusafisha vile vitundu ni kazi ya dakika 10. Unachukua waya laini, unauingiza taratibu, majani yanatoka. Hakuna pesa. Mimi sikufanya hata mara moja. Kila Jumamosi niliosha gari nje, nikalipaka nta, likang'aa. Nikisoma Mathayo 23, pale Bwana Yesu anapowaambia Mafarisayo kuhusu kikombe kinachooshwa nje na ndani kichafu, najiona nimeshika ndoo na sponji.

Karatasi kwenye droo

Mwaka 2010 gari likapita ukaguzi. Kwenye karatasi kulikuwa na ushauri mmoja: kutu imeanza kwenye kizingiti cha kushoto, nyuma. Nikasoma neno "limepita", yale mengine sikuyasoma. Nikaitia karatasi kwenye droo.

Wapendwa, ushauri ni rehema. Mungu haanzi na kukuangusha. Anaanza na karatasi ndogo. Mke anakuambia, "Baba Fulani, siku hizi una hasira." Ni ushauri. Mtoto anaacha kukukimbilia ukifika nyumbani. Ni ushauri. Unaimba sifa na machozi hayatoki tena, na unajua zamani yalikuwa yakitoka. Ni ushauri huo. Na sisi tunasema, "Lakini nimepita! Mimi bado natoa fungu la kumi, bado niko kwaya." Karatasi inaenda kwenye droo.

Mwaka 2011 nikapeleka gari tena. Mkaguzi akagonga, akanyamaza, akagonga tena. Akaniita niangalie. Pale alipogonga palikuwa na shimo linaloweza kuingia kidole, karibu kabisa na pale mkanda wa kiti unapofungwa. Sheria yao inasema kutu mbaya ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka mahali penye kazi kubwa kama hapo, kwenye mkanda, usukani au maungio ya magurudumu, gari limeanguka. Kwa nini? Kwa sababu siku ya ajali huo mkanda ndio unaokushika, na mkanda hauwezi kukushika kuliko chuma ulichofungwa.

Yule mkaguzi hakuleta kutu. Aliikuta. Lakini mimi nilimkasirikia yeye! Si ndivyo tunavyowafanyia wanaotuambia ukweli?

Puti

Kuna njia moja tu halali ya kutengeneza pale. Unakata chuma kilichooza, unaendelea kukata mpaka ufike kwenye chuma safi, halafu unachomelea chuma kipya, na mshono uzunguke kiraka chote bila kuruka. Puti hairuhusiwi mahali pa kubeba uzito. Fundi mmoja mwaminifu akanitajia bei. Nikaona ni nyingi.

Nikampata jamaa wa uani. Akajaza shimo na nyuzi za plastiki na puti, akasugua, akapuliza rangi, akapaka chini ile lami nyeusi ya kuzuia kutu. Kazi ya mchana mmoja. Ilipendeza, walahi! Nikapeleka gari kituo kingine cha ukaguzi. Sasa sikilizeni: mkaguzi wa MOT haruhusiwi kufungua wala kubandua kitu. Anaangalia kinachoonekana. Hata injini, klachi na giaboksi havimo katika ukaguzi wake. Yule wa pili hakuona kitu. Nikapewa cheti.

Nilipotoka pale nilikuwa na cheti halali na gari bovu.

Soma Ezekieli 13. Mungu anamwambia nabii kuhusu watu waliojenga ukuta hafifu, na manabii wa uongo wakaja kuupaka chokaa ukapendeza. Mungu anasema mvua inakuja, mawe ya mvua yanakuja, na upepo, na ule ukuta utaanguka hadi msingi wake uonekane. Halafu watu wataulizwa, ile chokaa mliyopaka iko wapi? Hapo hakuna aliyeadhibiwa kwa kuwa ukuta ulikuwa dhaifu. Ukuta dhaifu ungeweza kujengwa upya. Hasira ya Mungu iliwashukia kwa sababu ya ile chokaa.

Hapa kwetu nasi tuna namna yetu. Nani hajasikia habari za matatu zinazoazima tairi siku ya kwenda inspeksheni? Zinakaguliwa na tairi za jirani, zinapita, jioni tairi zinarudishwa kwa mwenyewe, kesho abiria wanapanda. Tunacheka. Lakini Jumapili asubuhi wangapi wetu tunaazima tairi? Tunaazima sauti ya upole, tunaazima "Bwana asifiwe mpendwa", tunaazima hata kushikana mikono na mke. Saa nane mchana tairi zimerudishwa.

Niliyemuuzia

Hapa ndipo pagumu.

Baada ya miezi miwili niliuza lile gari. Sikumuuzia mtu wa mbali. Nilimuuzia kijana wetu wa ushirika wa nyumbani, Mkenya mwenzetu, mtoto wa kiroho ningeweza kusema. Alikuwa amefika karibuni, anafanya zamu za usiku kama mimi, na mabasi yalikuwa hayafiki kazini kwake saa hizo. Akaniuliza, "Brother, gari ni zima?" Nikamwambia, "Limepita ukaguzi juzi juzi tu, cheti hiki hapa." Mnaona? Sikusema uongo hata neno moja. Shetani haitaji kila mara useme uongo. Wakati mwingine anakuambia uonyeshe cheti.

Hakuinama kuangalia chini. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza maombi Ijumaa.

Mwaka 2012 akalipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi akagonga, puti ikadondoka sakafuni kipande kizima. Pande zote mbili. Gharama ya kuchomelea ilikuwa karibu pauni 900, na gari lenyewe alikuwa amenunua kwangu kwa 1,400. Halafu kuna jambo sikulijua, kwa sababu nilidhani mambo ya jana yameisha jana. Matokeo ya kila ukaguzi yanawekwa kwenye kompyuta za serikali. Siku hizi mtu yeyote akiwa na namba ya gari anaweza kusoma historia yake bure. Yeye kama mwenye gari alisoma. Akaona: ushauri wa 2010. Limeanguka 2011, kutu, karibu na mkanda. Siku chache baadaye, limepita, kituo kingine.

Alikuja kwangu na zile karatasi mkononi. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Brother, ulijua?"

Na mimi, niliyekuwa nafundisha somo la ukweli kutoka Waefeso, nikamjibu, "Ndugu yangu, mimi si fundi."

Akaziangalia zile karatasi, akazikunja, akaenda.

Miezi mitatu nilishikilia jibu hilo. Mithali 28:13 inafundisha kwamba anayefunika dhambi zake hatafanikiwa, na mimi naweza kuwaambia kutofanikiwa kunafananaje. Nilikuwa naomba na maombi yanagonga dari. Nikisikia wimbo wa toba nakohoa. Ijumaa moja nilikuwa nasoma Mathayo 5, pale Bwana anapofundisha kwamba ukifika na sadaka yako madhabahuni na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache pale pale uende kwanza ukapatane naye. Nilisoma kwa sauti mbele ya watu. Kile kiti chake kilikuwa kitupu. Nikafunga Biblia. Nikawaambia, "Naombeni mtu mwingine aendelee," nikatoka.

Nikampigia simu saa tisa usiku, wakati wa mapumziko ya zamu. Nikasema, "Nilijua." Akakaa kimya muda mrefu. Nikasema tena, "Nilijua tangu 2011. Nilipaka puti." Nikamrudishia pesa zake zote za gari, na gharama alizoingia, kwa awamu mbili. Nikalichukua gari. Nikampelekea yule fundi niliyemkataa mwanzo, akakata chuma mpaka nikadhani analiua gari. Akanionyesha majani aliyotoa kwenye vitundu, meusi, yameshikana kama matope. Baadaye nililiuza kwa bei ya chini na mnunuzi nikampa kila karatasi, hata zile za aibu. Zilikuwa bado kwenye droo.

Zakayo na mti wake

Zakayo katika Luka 19 hakuambiwa na Yesu arudishe chochote. Someni vizuri. Yesu alimwambia tu ashuke, kwa maana leo anakaa kwake. Neema iliingia mlangoni kwanza, ikaketi mezani, na Zakayo mwenyewe akasimama akaanza kuhesabu: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Neema ya kweli inajua hesabu. Ukisema umeokoka na jirani yako bado anakudai, ukweli wako haujafika kwake.

Ninajua wengine wenu mnasema, "Mchungaji, damu ya Yesu imefuta." Amina, imefuta! Lakini damu ya Yesu haikumwagika ili ndugu yako abaki na gari bovu. Ile damu inakupa ujasiri wa kukata chuma mpaka pale palipo safi, kwa sababu unajua Yeye ana chuma kipya cha kuweka. Mtu asiye na Mwokozi ana haki ya kuogopa kukata. Akikata, atajaza na nini? Sisi tunaye. Daudi, katika Zaburi 139, mwishoni, anamwomba Mungu mwenyewe amchunguze na kumjaribu, aone kama kuna njia mbaya ndani yake. Daudi anajipeleka ukaguzi kabla cheti hakijaisha! Na huyu Mkaguzi anaruhusiwa kufungua. Yeye anaona injini, anaona giaboksi, anaona ndani ya vizingiti. Mbele zake lami nyeusi haifuniki kitu. Habari njema ni kwamba Yeye ndiye fundi pia.

Lile ambalo sikulimaliza

Sasa niseme lile lililonikatikia.

Yule kijana alikuwa anaweka akiba ya tiketi ya ndege. Mke wake alikuwa Eldoret, mjamzito, na viza ilikuwa tayari. Gari lilipoanguka, alihitaji kufika kazini, akalipa pauni 900 kutoka kwenye ile akiba. Mimi nilipokuwa nasema "si fundi", yeye alikuwa anaanza kuhesabu upya. Nilipokuja kurudisha pesa, mimba ilikuwa imekua mno, mama hakuweza tena kuruhusiwa kwenye ndege. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa baba akiwa mbali, ameshika simu kwenye korido ya nyumba ya wazee. Nilikuwa zamu moja naye usiku ule. Nilimwona.

Pesa nilirudisha. Ule usiku sikuweza kuurudisha, na sitaweza. Amenisamehe, na tunaongea mpaka leo. Nilimpigia simu kabla ya Jumapili kumwomba ruhusa ya kulihubiri jambo hili. Akacheka, akasema, "Hubiri, mchungaji. Lakini usiwaambie nilikasirika kidogo. Waambie nilikasirika sana."

Basi nimewaambia.

Siwaambii haya ili mnihurumie. Nawaambia kwa sababu najua kuna mtu anasoma karatasi hii akiwa amekaa katika miezi yake mitatu. Amejua. Ameulizwa. Amejibu kwamba yeye si fundi. Ndugu, dada, kila wiki unayosubiri kuna mtu mahali fulani anakunja karatasi, na kuna tiketi inayopita tarehe yake. Msamaha wa Mungu utakuwepo hata mwakani. Ile nafasi ya kurekebisha inaweza isiwepo. Piga simu leo. Kama ni saa tisa usiku, piga saa tisa usiku.

Na mabati ya mama? Nilimjengea jikoni 2013 niliporudi. Aliingia, akaangalia juu, akasema tu, "Sasa ugali hautaongezewa maji." Mama hakuniuliza kwa nini ilichukua miaka minne. Nami sikuwa na cheti cha kumwonyesha.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, tuchunguze. Gonga mahali tulipopapaka rangi. Pale panaponyamaza, tupe neema ya kutokukasirikia mkono wako. Kata mpaka pale palipo safi, uweke kipya. Utukumbushe jina la yule ambaye tunapaswa kumpigia simu, na usituache tulale mpaka tumempigia. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii

1. Someni Ezekieli 13:10-15 kwa sauti. Katika maisha yetu ya kanisa, chokaa inaonekanaje?
2. Ni "ushauri" gani umepewa mwaka huu na mtu anayekupenda, ukautia kwenye droo? Mwenye kuweza, aseme. Asiyeweza, asilazimishwe.
3. Zakayo alirudisha mara nne. Je, yuko mtu unayepaswa kumrudishia pesa, jina lake zuri, au ukweli tu? Msitajane majina kikundini. Ombeni wawili wawili, halafu kila mtu aende kwa huyo mtu wake kabla ya Jumapili.